Vioo vya Ukuta wa Kanisa

Kujua nondo kulinigharimu bano kumi na moja, zile gololi za kuchezea, na mkono wa sweta ya shule. Nimehesabu mara mbili.

Enzi zetu pale Laini Saba, Kibera, hatukuwa na simu za kutubembeleza. Tulikuwa na ukuta mweupe wa kanisa. Taa yake iliwaka mpaka kupambazuke, na tukienda shule, vidole vikinuka mandazi, tuliwakuta nondo wa kijani wametandaza mabawa, yanayopitisha mwanga kama chupa ya soda, ukingo wa kahawia. Tuliwaita vioo. Ukionyesha aina mpya na wenzako wakubali, unalipwa bano. Nilibishana kama wakili: huyu ukingo mpana, yule ana doa. Nikafika aina kumi na moja.

Likizo ikamleta Atieno kutoka Kawangware 46, kwa shangazi yake jirani yetu. Akatazama ukuta, akacheka.

"Wee, hawa ni mtu na dada zake! Umekula bano za watu bure."

"Thibitisha."

Tukachuma viwavi wao kwenye ua wa miiba nyuma ya kanisa, wale wa kujikunja na kujinyoosha kama fundi anapima kitambaa. Hapo ndipo sweta ilipokwenda. Tukawafuga kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia. Walipotoka na mabawa, kila mmoja alikuja na ukingo wake.

"Tawi moja, mama mmoja," akasema Atieno. "Rudisha za watu."

Nikarudisha zote.

Juzi Brayo, mtoto wa dada yangu, asiyejua sukuma na spinachi bila kuuliza simu, alimpiga picha nondo mlangoni kwangu, mtaa wa Olympic. Simu ikasema ni jenasi ya Zamarada, spishi tele, zinazofanana hadi wataalamu huwapasua nondo ndipo wazitofautishe. Nikakaa chini. Tawi moja, sawa. Lakini nani alihakikisha mama ni mmoja?

Nikampigia Atieno, siku hizi muuza vitambaa huko 46.

"Bado hiyo inakuuma? Haya, fuga watoto wa mama mmoja, tuone. Na hiyo simu iache nyumbani."

Mama ninaye, ndani ya chupa, na ametaga mayai ishirini na saba. Ila ule ua sasa ni ukuta wa mawe, na Brayo ananishauri niagize mtandaoni majani ya kulisha viwavi. Wewe uliyekulia huku, niambie upesi: kati ya Kibera na Kawangware, ua wa miiba umebaki wapi?