Upande wa Nyuma wa Shuka

Sina tabia ya kutunga. Nilijifunza kusoma peke yangu, na nilichokiona nimekuwa nikikiandika siku ileile. Kwa hiyo ninalokueleza lilitokea, hapa Élisabethville, katika uwanja mmoja wa mtaa wa Katuba, na jioni ile nilikuwa nimekunywa chai tu.

Siku hizo sinema ilionyeshwa Jumapili, giza likishaingia, kwenye shuka kubwa lililofungwa kati ya nguzo mbili. Wengi walikaa mbele, upande wa mashine. Mimi niliangalia kila filamu mara mbili: Jumapili moja mbele, nyingine nyuma ya shuka, ambako picha imegeuka na wapanda farasi hushika bastola kwa mkono wa kushoto. Unacheka? Utahukumuje kitu ulichokiona upande mmoja? Katika daftari niliandika alama. Muziki wa filamu zile, niamini, ulikuwa kelele za matarumbeta. Mpiga gitaa yeyote wa mtaani kwetu angeushinda kwa nyuzi tatu. Farasi walikuwa wazuri. Mapigano, nusu.

Jioni ile nilikaa nyuma na Pasikali, kaka mdogo wa mke wangu, fundi wa reli, mtu wa mzaha. Jambazi mmoja akapigwa risasi, akaanguka kutoka juu ya paa.

"Sifuri," nikasema kwa sauti. "Huyu hajue kufa."

"Mulamu, umuandikie hata moja," Pasikali akacheka. "Pengine iko na batoto."

Mtu aliyekaa kushoto kwangu akageuka. Sikuwa nimemwona akifika. Shati, uso, mikono, vyote vilikuwa vya kijivu. Nilidhani ni mwanga wa shuka.

"Weye unajua kufa?" akaniuliza.

"Nimeona bantu banakufa mu mugodi. Habatupe mikono vile."

"Mi nakufaka palepale kila Jumapili, na hakuna muntu ananiuliza kama nimechoka. Weye unaniandikia sifuri. Basi ingia, tuone kufa yako."

Hapo mashine ikazimwa ili wabadilishe mkanda. Mbele watu wakapiga miluzi kudai picha. Upande wetu shuka likaendelea kuwaka. Naandika kama nilivyoona: barabara ya filamu ilikuwapo, kimya, farasi wakipumua, majambazi wamekaa chini wakitutazama. Chini ya paa palikuwa na nafasi tupu ya mtu mmoja.

Nilisimama. Kwa nini? Naona aibu kusema: nilitaka kumwonyesha kwamba hukumu yangu ilikuwa sahihi. Pasikali akanivuta koti.

"Kaa, mulamu! Weye muntu wa bitabu, utakufa mubaya. Mi njo najua kufa!"

Akaruka mbele yangu, akashika kifua, akaangukia shuka huku akicheka.

Kicheko kikakatika. Mashine ikawaka. Mtu wa kijivu hakuwapo tena, na pale chini ya paa, ndani ya picha, mtu alikuwa amelala kifudifudi. Mbele yangu Pasikali akainuka, akajipangusa vumbi, tukaenda nyumbani.

Mezani akamega bukari, ugali wetu, kwa mkono wa kushoto. Kovu lake la moto, lililokuwa kwenye shavu la kulia, sasa lilikuwa kwenye la kushoto. Mke wangu akamwekea sikio kifuani kama kwa utani, kisha akanifuata jikoni.

"Moyo unapigia kuume. Huyu haiko ndugu yangu. Umemupeleka wapi?"

Miaka imepita. Mtu niliyerudi naye ni mpole, anafanya kazi, ameoa, anapenda watoto wake. Sina lawama juu yake. Ila hafanyi mzaha. Mke wangu humwandalia chakula na humwita kwa jina, lakini hamtazami usoni.

Mimi huenda popote panapoonyeshwa filamu. Siwezi kukaa, nasimama, nasogea, nazunguka nyuma, nachunguza wanaoanguka. Mara mbili nimeona jambazi amelala vumbini, mabega yakitikisika kama ya mtu anayezuia kicheko. Nimemwita. Watu wameniambia ninyamaze.

Wewe sema upendavyo juu ya muziki na farasi. Lakini yule anayeanguka mwanzoni, ambaye hakuna anayeuliza jina lake, usimhukumu kwa sauti. Na kama neno limeshakutoka, usikae karibu na mtu unayempenda.