Sauti ya Ambakisye kwenye Habari za Ziwa

Mwanangu, umeniambia kazini wamekupa programu ya vipande vingi uiunganishe, na kwamba vile vinavyofanya kazi vizuri umeviacha kama vilivyokuja. Haya, kaa kidogo. Nakumbuka asubuhi moja pale redioni Bondeni, na nikiikumbuka mpaka leo mwili unanisisimka.

Ilikuwa miaka ile watu binafsi walipoanza kuruhusiwa kufungua redio. Kyela ilijaa mambo mapya: wanunuzi wa kakao waliokuja na mizani yao wenyewe, vitenge kutoka Malawi, na redio yetu ndogo, vyumba viwili na mnara nyuma ya nyumba. Mimi nilikuwa msichana niliyetoka tu kusomea kompyuta Mbeya. Matangazo yote yalipangwa na kompyuta moja, na programu yake ilikuwa ya vipande kama hiyo yako. Kipande kimoja kilishika nyimbo, kingine matangazo ya biashara, kingine habari za ziwa, na kimoja kilikuwa mkubwa wao, kikiamua nani aseme saa ngapi. Kila kipande kilikuwa na mipangilio yake: kilikuwa kimeelekezwa kichukue sauti kwenye folda gani.

Aliyeviunganisha alikuwa Ambakisye, mtangazaji wetu, kijana wa ufukweni upande wa Matema, mtoto wa mama mfinyanzi. Alipenda utani, lakini hakupenda mtu aiguse ile mashine. Umeme ukikatika na kurudi, utamwona anakimbilia chumba cha mitambo, anafunga mlango, anatoka anacheka. Hatukumuuliza anafanya nini mle.

Kisha akapanda boti kwenda kuwaona wajomba zake upande wa Malawi, upepo wa kusini ukawakuta katikati ya maji. Wenzake walipatikana. Yeye hakupatikana. Mama yake akakataa kuanua tanga. Alisema hawezi kumzika mtu ambaye hajamwona.

Kazi yake nikaishika mimi. Siku zikapita salama, maana umeme ulitulia. Halafu ukaja usiku wa mvua kubwa, na tulipoamka mji mzima ulikuwa hauna umeme. Ulirudi asubuhi nikiwa nimeshafika. Nilisikia feni ya kompyuta ikianza kuvuma, nikakaa kungoja habari za ziwa, ambazo nilikuwa nimezirekodi mwenyewe jana yake jioni.

Kwanza ilitoka pumzi. Mtu alikuwa anavuta pumzi kwenye spika, karibu kabisa, kama amesimama nyuma ya shingo yangu. Kisha akaamkia kwa Kinyakyusa, akasema:

"Mugonile, mama. Unanisikia? Mimi nipo hapa. Usihofu, mama, nipo."

Mwanangu, ilikuwa sauti ya Ambakisye. Nilitazama kiti chake, nikatazama mlango. Muziki ukaanza kama kawaida.

Meneja wetu, Bwana Anyosisye, alikuja mbio shati halijafungwa vifungo. Alikuwa ameisikia nyumbani. "Nani kafanya hivi?" akauliza. Nikamwambia hakuna. Akaenda kusimama nje kwenye mvua, akakataa kuingia mpaka mchungaji aitwe. Huko sokoni watu walisimama na mizigo kichwani wakiulizana kama wamesikia walichosikia. Wavuvi wengine, tuliambiwa baadaye, waliivuta mitumbwi mchangani, wakasema aliye majini ameita, leo hatuingii.

Nilibaki peke yangu na ile mashine. Nilikuwa naogopa, lakini nilijua jambo moja: lazima kuna kipande kilichoipeleka sauti ile hewani. Nikavifungua vyote, kimoja kimoja, nikikiuliza, wewe unachukua wapi? Nyimbo zilikuwa mahali pake. Biashara mahali pake. Nilipofika kwenye habari za ziwa nikaona folda nisiyoijua. Ilikuwa folda ya majaribio. Ambakisye, siku alipokuwa akipima kama mawimbi yetu yanafika Matema, alijirekodi akimwita mama yake. Kipande kile alikielekeza huko siku ya kwanza, na hakuwahi kukihifadhia mwelekeo mpya. Umeme ukikatika, kilikuwa kikisahau yote na kurudi pale kilipoanzia. Ndicho alichokuwa akikimbilia kukirekebisha kwa mkono. Alikibeba kichwani mwake, akaenda nacho majini.

Sasa nilikuwa na jibu, nikafurahi. Ndipo, alasiri, mama yake Ambakisye alipofika.

Alikuwa ametoka Matema kwa miguu na kwa kupakiwa baiskeli, kanga zimelowa, amebeba chungu kilichofungwa kwa jani la mgomba. Alimpita meneja bila kumtazama.

"Binti," akaniambia, "nimemletea Ambakisye chakula. Amesema yupo hapa."

"Shikamoo, mama," nikasema. "Mama, hayupo. Ile ni mipangilio ya kompyuta tu."

Akakitua chungu chini, polepole. "Usiniambie *tu*. Mimi nimeisikia sauti ya mwanangu. Wewe unaniambia *tu*. Hiyo *tu* yako ndiyo iliyomfanya aniite?"

Aibu ilinishika kuliko woga wa asubuhi. Nikamvutia kiti, kile kile cha Ambakisye, nikamweleza taratibu jinsi nilivyokueleza wewe. Akaomba kusikia. Pumzi ile ilipotoka kwenye spika alijiziba mdomo kwa mkono.

"Aliyasema haya lini?"

"Kabla ya safari, mama. Wakati wa kuvuna mpunga."

"Wakati ule redio yangu haikuwa na betri." Akainama. "Kwa hiyo aliniita, na mimi sikusikia." Kisha akaisogelea spika, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nimekusikia, mwanangu. Nimekusikia." Naapa nilingoja ajibiwe.

Hakujibiwa. Alinigeukia. "Usimwache humo akiita kila umeme ukirudi."

Nikakielekeza kile kipande upya, nikahifadhi, nikaandika pembeni ya mipangilio nimebadilisha nini na kwa nini. Kisha, yeye akiwa ameketi pale pale, nikazima swichi kubwa ya ukutani. Feni ikafa. Meneja alikuwa amekuja kusimama mlangoni. Nikawasha. Tulisikiliza mashine ikijikusanya, kipande baada ya kipande, na zamu ya ziwa ilipofika mama alinishika kifundo cha mkono, akakibana mpaka nikaumia.

Ikatoka sauti yangu mimi, ikisema maji ni shwari.

Mama aliuachia mkono wangu. Alilia wakati huo, kwa mara ya kwanza, meneja alisema, tangu boti ile. Nikamwekea ile sauti kwenye kaseti. Aliipokea kwa mikono miwili. "Ndaga," akashukuru. "Nitamsikiliza nikitaka mimi, si umeme ukitaka." Wiki ile ile alianua tanga.

Basi nakuambia, mwanangu: kipande kinachofanya kazi vizuri nacho kifungue, ukiulize kinachukua wapi na kikizimwa kinarudi wapi. Usiachie kichwa chako kazi ya kukumbuka. Kichwa kinaondoka na mwenyewe. Andika, ili atakayekaa kwenye kiti chako asikute mtu anapumua. Kisha zima uwashe, ukiwa bado upo. Na mtu akija analia kwa jambo lililotoka kwenye mashine yako, mpe kiti kabla ya kumpa maelezo.

Mungu aibariki kazi ya mikono yako, akupe muda wa kuikamilisha, na kila unayemwita akusikie ungali hai.