Kilio cha Keza

Libérate, mkulima wa mpunga wa Bwegera, hakumpenda Geneviève, mke wa shemeji yake, wala hakuficha. Walibeba mimba msimu mmoja. Tumbo la Libérate lilijaa maji kupita kiasi; wanawake wa shambani wakamwita mama wa mapacha, naye akajivuna. Akazaa mtoto mmoja wa kiume, hospitalini Uvira. Mtoto alifungua kinywa, uso ukakunjamana kwa kulia, sauti haikutoka. Daktari alijaribu kumwingizia mrija wa hewa; haukupata pa kupita.

"Bomba la hewa halikujengeka kooni," alimwambia. "Moyo pia una kasoro, na kidole gumba kimoja hakipo. Ilianza tangu mimba changa, mama. Hakuna aliyemroga."

Jioni mtoto alikuwa marehemu, na Libérate hakuwa hata na mtu wa kumlaumu.

Wiki ileile Geneviève akamzaa Keza, msichana mwenye sauti ya kupasua ukuta. Libérate alijifunga kitambaa kifuani ili maziwa yakauke, lakini kila Keza alipolia ng'ambo ya ua, kitambaa kililowa.

"Mama Keza, nyamazisha hiyo tarumbeta yako!"

"Muache alie. Mutoto mwenye kulia iko muzima."

Neno hilo Libérate hakulisamehe.

Kisha, Keza akiwa bado mchanga, vita ya 1996 ikafika bondeni kwao. Asubuhi moja wao na majirani walijificha ndani ya matete ya mto Ruzizi, askari wakipita barabarani. Keza akaanza kulia. Hofu ilikuwa imekausha maziwa ya mama yake.

"Muzibe kinywa!" mzee Nyandwi alinong'ona, akivua kofia yake ya sufi. "Weye unataka tufe wote? Lete, miye nitamuziba."

Geneviève alimtazama Libérate. Libérate akageuza uso. Nitasema lililo kweli: alitaka kilio kile kikome.

Nyandwi akabana kofia kinywani. Uso wa mtoto ukakunjamana, sauti haikutoka. Uso huo Libérate aliujua.

Akafungua kitambaa cha kifuani. "Mulete hapa. Na weye mzee, vaa kofia yako."

Keza alinyonya mpaka askari wakaisha barabarani.

"Chukua tarumbeta yako," Libérate alisema, akimrudisha.

Watu hupenda kusema kwamba tangu siku hiyo walipatana. Si kweli. Wivu ni dhambi, na dhambi haifi kwa tendo jema moja. Libérate huiungama kila Pasaka. Lakini Jumapili Keza akiimba katika kwaya, yeye hukaa benchi la mbele, amenuna, na hajakosa hata mara moja.