Dada yangu aliandika ualimu ili mimi nipate udaktari

Wakuu, heshima kwenu wote, na kama wamo walionizidi umri, shikamooni.

Nimesoma humu vijana wanabishana kozi ipi iandikwe ya kwanza ili mtu apate udaktari. Nimeshindwa kupita kimya. Haya sijawahi kumwambia mtu, hata mke wangu, na kwa umri huu sina faida ya kuongopa.

Enzi za Ujamaa tulikaa Temeke. Baba alikuwa mchonga vinyago, katoka Newala na patasi zake. Watoto tulikuwa wawili tu, mimi na dada Somoe.

Somoe alinizidi mwaka mmoja, lakini shule tulianza siku moja. Baba alimchelewesha makusudi ili anishike mkono njiani. Tukasoma pamoja hadi fomu siksi, wote sayansi.

Niseme wazi, dada alikuwa na akili kunizidi. Mimi nilikariri, yeye alielewa. Mama alipopata kidonda cha mguu, Somoe ndiye aliyekisafisha na kukifunga kila asubuhi, na majirani wakaanza kumwita daktari.

Wote tuliutaka udaktari. Yeye tangu mdogo, mimi baada ya kuona watu wanavyomwamkia daktari.

Zikaja fomu za kuombea chuo. Kulikuwa na mistari mitatu ya kujaza kozi unazotaka, ya kwanza hadi ya tatu.

Sasa vijana tuelewane hapa. Miaka ile kila kitu kiligawiwa kwa nyumba. Sukari, unga, sabuni, balozi wa nyumba kumi anasoma orodha, nyumba moja fungu moja. Mkijipanga foleni wawili wa nyumba moja, mnaweza kunyimwa wote. Mimi nikaibeba hesabu hiyo hiyo mpaka chuo kikuu.

Nikamwambia, "Dada, wakiona watoto wawili wa mzee mmoja wameomba udaktari, watatukata sote. Nafasi ni ya nyumba."

"Nani kakwambia?"

"Mbona inajulikana tu."

Hakuna aliyeniambia. Mpaka leo sijui kama niliamini kweli au niliogopa kushindanishwa naye.

Baba akaamua kwamba udaktari aombe mtoto wa kiume. Somoe hakubisha. Akaandika ualimu wa sayansi mistari yote mitatu, akanipa kalamu.

"Haya mdogo wangu, usije ukaniangusha."

Nilimwangusha. Majibu yalipotoka, yeye kachukuliwa ualimu, mimi jina langu halipo popote.

Nikaenda ofisini zilikopelekwa zile fomu. Nilitaka kuomba ile nafasi ya nyumba yetu basi apewe dada. Nikamkuta karani, mama wa makamo kutoka bara. Alinisikiliza huku anatabasamu, akafungua majalada yetu mawili, tabasamu likamtoka.

"Kijana, nani alikudanganya? Hapa hatuhesabu nyumba. Huyu dada yako alama zake zinatosha udaktari na kuzidi, ila hakuomba. Na walimu wa sayansi tunawatafuta kwa tochi. Mtu akijiandikia ualimu mwenyewe, nani atamwacha?"

Nikamwomba abadilishe. Akasema hawezi, ila mhusika akija mwenyewe kesho yake na barua, angeipeleka kwa wakubwa. Hakuahidi kitu.

Wakuu, hapa ndipo penye kosa langu. Lile la fomu naweza kusema ni ujinga.

Nilirudi nyumbani kwa miguu huku nawaza. Nikimwambia dada, atajua nilimzuia bure. Nilimkuta uani anafua.

"Wamesemaje?"

"Wamesema nafasi ya nyumba yetu imeshapita."

Akaendelea kufua. Kesho ikapita.

Alifundisha baiolojia zaidi ya miaka thelathini. Alikuwa mwalimu mzuri, sipingi, na wanafunzi wake walimpenda sana. Lakini vitabu vya udaktari alivinunua vya mitumba na kuvisoma peke yake mpaka uzeeni. Mimi nikawa mtunza stoo kiwandani.

Mwaka jana akaugua. Cheti cha vipimo alikisoma mwenyewe na kukielewa kabla daktari hajamweleza. Nikaenda wodini nimeazimia kusema kweli. Kabla sijafungua mdomo akanishika mkono.

"Mdogo wangu, usijilaumu ulivyokosa. Nafasi ilikuwa moja, na wewe ulijaribu."

Nikasema, "Ndiyo, dada."

Siku ya nne tukamzika.

Vijana, andika unachokitaka kwenye mstari wa kwanza. Usimpishe ndugu, mchumba wala rafiki kwa sheria ambayo hujaisoma mahali. Nenda kaulize ofisini, tena nenda mwenyewe, usimtume mtu.

Uwanja ni wenu sasa. Mnaotaka kunitukana msinionee haya, nitasoma komenti zote. Mwenye haki ya kunitukana alikufa ananipa pole.