Maji ya Mgeni

Mimi ni bwana afya, na nimechoka. Nasema hivyo bila kuona haya, maana miaka yote hii nimezunguka kutoka Tunduma hadi Kamsamba nikikagua vyoo, na sijaona mtu anayefurahi kukaguliwa choo chake. Mjini mama lishe wakiniona wanafunika masufuria. Nikigeuka tu, wanafunua. Vijijini angalau wananiita daktari, ingawa sijawahi kumchoma mtu sindano.

Kipindupindu kilipoingia bondeni, idara ilitupa vidonge vya kutibu maji na kututuma nyumba kwa nyumba. Kamsamba ina joto la kukausha mate. Watu wako kwenye mpunga, pikipiki inazima kila penye mchanga, na mimi narudia yale yale: kidonge kimoja, ndoo moja, funika, subiri nusu saa, ndipo unywe. Nilisema hadi nikajichosha kwa sauti yangu mwenyewe.

Nyumba iliyonipumzisha ilikuwa moja tu, ya bibi mjane aliyeishi na mke wa mwanawe na wajukuu. Kila nilipofika alinitolea kigoda kivulini na kumwambia mkwewe, "Mletee daktari maji." Yalikuja kwenye kikombe chekundu, yananukia dawa kwa mbali. Nilikunywa, nikaongezewa, nikamsifia mbele ya majirani: "Mnaona? Huyu bibi ndiye anayesikia." Bibi akacheka huku amejiziba mdomo kwa kitenge. Kwenye daftari niliandika kwamba nyumba hii inatibu maji. Nilivimba kichwa kweli. Niliona kazi yangu imeshika angalau mahali pamoja.

Kisha asubuhi moja nikamkuta bibi kwenye kambi ya wagonjwa tuliyoifungua karibu na zahanati. Macho yalikuwa yameingia ndani, na nesi alikuwa anahangaika kutafuta mshipa wa kuwekea dripu. Mkwewe alikuwa pembeni. Nilimgeukia kwa ukali, na ukali ule bado unaniaibisha.

"Vidonge si niliwapa kwa mkono wangu? Mlivifanyia nini?"

Akaangalia chini. "Mama alisema ile ni dawa ya serikali, daktari. Tukiimaliza, nyie mkija mtakunywa nini? Hatuwezi kumpa mgeni maji ya mtoni. Sisi tumeyazoea."

Bibi alifungua macho akanitambua. Kwa sauti ndogo kabisa akamuuliza mkwewe, "Umempa daktari maji?"

Nilitoka nje, nikasimama nyuma ya hema nikalia. Mara zote zile nilizokaa kwenye kigoda chake sikuwahi kumuuliza swali jepesi: nyie wenyewe mnakunywa yapi? Fomu ya idara haikuwa na swali hilo, na mimi nilikuwa na haraka ya kumaliza nyumba zilizobaki kabla jua halijawa kali.

Alifariki mchana uleule. Tulimzika sisi watu wa idara, kwa glavu na dawa ya kupulizia, ndugu zake wakiwa wamesimama mbali kwa sababu tuliwakataza kumwosha. Hiyo nayo ni kazi yangu. Hakuna aliyenitukana, na natamani mmoja angenitukana.

Baada ya wiki moja nilirudi pale nyumbani. Kigoda kililetwa, sikukikalia. Nilitoa kidonge kwenye mkoba wangu, nikakitia kwenye ndoo mbele ya wajukuu, tukasubiri pamoja, halafu nikawachotea wao kwanza kwa kikombe kile chekundu. Mdogo wao alikunja uso kwa ile harufu, akauliza kama leo wao ndio wageni. Nilimwambia ndiyo, na kesho pia, na kila siku.

Mkwe wa marehemu akaingia ndani, akatoka na boksi nililowaachia, limeviringishwa vizuri ndani ya kitenge cha bibi. Alitaka kunirudishia mali ya serikali. Nililifungua. Vidonge karibu vyote vilikuwamo. Vilivyopungua ni vya maji niliyokunywa mimi.