Kiguu na Njia na Kioo cha Pili

Wifi yangu tunamwita Kiguu na Njia, na jina hilo hakupewa kwa kuonewa. Akija kukusalimia anasalimia akiwa mlangoni, chai anainywa akiwa amesimama, na kabla hujamuuliza habari za kazi ameshafika barabarani. Mama mkwe husema mwanawe huyo alizaliwa akitafuta viatu. Mtu wa namna hiyo angeuza mitumba, akazunguka mji mzima, roho yake ikatulia. Yeye akaenda kusomea maabara, kazi ya kukaa kwenye kigoda na kusubiri.

Kazi yenyewe amenieleza mara nyingi, akizungukazunguka jikoni kwangu. Usaha wa mgonjwa hupakwa kwenye kipande cha kioo, ukakauka, kioo kikapitishwa juu ya mwali wa moto. Kisha hutiwa rangi ya zambarau, kikasubiri, kikatiwa iodini ya kuikaza rangi hiyo, kikasubiri, halafu huoshwa kwa spiriti, na mwisho hutiwa rangi nyekundu. Bakteria wengine huing'ang'ania zambarau hata wakioshwa. Wengine huiachia, wakabaki na waridi. Kwa rangi hiyo na kwa umbo lao, kama ni fito, minyororo au vishada, daktari anajua anapigana na nani. Penye kazi ni hapo kwenye spiriti: ukiosha kupita kiasi wote wanakuwa waridi, ukiosha kidogo wote wanabaki zambarau. Alipoanza, vioo vyake vyote vilikuwa waridi. Mkuu wake akamwambia, "Mama, hapa tunaosha, hatufui."

Mwanangu alikuwa hajatimiza wiki alipoamka macho yamevimba, kope zimegandana kwa usaha. Nikiufuta, unarudi. Mama mkwe akasema ni vumbi. Mume wangu, fundi friji, naye akasema ni vumbi, akachukua mkoba wake wa vyuma akaondoka mapema kuliko kawaida. Sikubishana na mtu. Nilimbeba mtoto nikaenda hospitali. Muuguzi alizifungua zile kope kwa vidole viwili. Akachukua usaha kwa pamba, akautuma maabara, akaniambia wazi: yapo macho ya watoto wachanga yanayopona kwa dawa ya kupaka, na yapo yanayotaka sindano upesi, la sivyo mtoto anapofuka. Majibu ndiyo yangesema.

Sampuli ilikwenda na namba tu, bila jina. Lakini wifi alikuwa ameniona kupitia dirisha la maabara, nimekaa kwenye benchi na mtoto, na usaha wa macho ya mtoto mchanga siku hiyo ulikuwa mmoja tu. Kanuni yao ni kwamba sampuli ya ndugu inasomwa na mwingine. Mwingine aliyekuwepo ni fundi mwenzake wanayemwita Gazeti, kwa sababu habari ikimfikia asubuhi, mchana mji mzima umeshaisoma. Kiguu na Njia akaona heri aisome mwenyewe.

Yaliyofuata alinisimulia baadaye, huku akikunja na kukunjua pindo la koti lake jeupe. Alipaka, akakausha, akatia zambarau. Wakati wa kusubiri alikwenda mlangoni akarudi, akafungua bomba akalifunga, akachungulia kama bado nipo. Alipofika kwenye spiriti, mkono wake uliozoea kupitiliza uliishia njiani. Akatazama kwenye hadubini, akaona vijidudu vya mviringo, zambarau. Akashusha pumzi. Hao ni wale wa kawaida wa ngozini, dawa ya kupaka inatosha, na nyumbani hakuna wa kuulizwa swali.

Akachukua kalamu. Kisha, kwa vile hawezi kutulia hata akiwa na furaha, akainama tena. Safari hii aliona kwamba hata viini vya seli za usaha vilikuwa zambarau, navyo havitakiwi kubaki hivyo. Kioo hakikuoshwa vya kutosha. Na wale bakteria walikaa wawili wawili, wamegeuziana bapa kama maharage mawili, wamejazana ndani ya seli. Wa ngozini hawakai hivyo. Alijua kwamba rangi ameibakiza yeye, kwa kuogopa. Maharage ya namna ile, yakioshwa vizuri, huwa waridi, na ni kisonono. Mtoto mchanga hukipata kwa mama yake akizaliwa. Na huyo mama amekipata kwa nani? Wifi akamkumbuka kaka yake, mume wangu, ambaye ndiye aliyemsomesha.

Akatengeneza kioo cha pili. Alipofika kwenye spiriti hakuuamini tena mkono wake, akaita, "Gazeti, njoo unioshee hiki."

"Cha nani?"

"Cha kazi."

Gazeti akaosha hadi spiriti ikatiririka safi, akatia nyekundu, akainama. "Maharage mawili mawili, waridi, ndani ya seli," akasema. "Kisonono cha macho. Maskini mtoto." Alipoinua uso akamwona mwenzake alivyo, akageuka kutazama dirishani, nilipokuwa nimekaa. Majibu aliyapeleka mwenyewe kwa muuguzi. Mpaka leo gazeti hilo halijatoka.

Mtoto akachomwa sindano, mimi nikatibiwa, nikaambiwa kwamba mume wangu naye aje kutibiwa. Nilirudi nyumbani nina hasira mpaka meno yananiuma. Jioni wifi akaja, akapitiliza hadi chumbani. Mume wangu alikuwa dirishani, anachezea bisibisi.

"Dada, hata hizo mashine zenu hukosea," alisema.

"Aliyekosea ni mimi, mara ya kwanza. Nilikuona wewe kabla ya kuona kioo. Cha pili tumekiona watu wawili."

"Sasa kwa nini mimi? Muulize na huyu."

Neno hilo nilikuwa nalisubiri tangu hospitali. Aibu ikiingia nyumbani, wa kwanza kuulizwa ni mke, na wa kumuuliza kwa ukali kuliko wote ni wifi yake. Nilimkumbatia mtoto nikangoja.

"Kioo hakina majina, kaka," wifi akasema. "Ila tangu niingie hujaniuliza kama mtoto ataona."

Bisibisi ikatulia. "Wewe ni dada yangu au wakili wake?"

"Leo nimekuja kama shangazi."

Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona. Akavuta kigoda, akakaa. Alikaa jioni ile, akaomba ruhusa kazini, akakaa na kesho yake, ananishikia bakuli kila nilipoosha yale macho kwa maji ya chumvi. Mume wangu alitoka asubuhi bila mkoba, akarudi akasema ameshachomwa sindano. Mengi baina yetu bado hayajajibiwa.

Alasiri kope za jicho la kushoto ziliachana. Jicho lilikuwa jekundu lakini halikuwa na ukungu, na nilipovuta pazia likajikunja kwa mwanga.

"Limeona," wifi akasema. Akataka kuinuka aje atazame karibu, akashindwa. Miguu yake ilikuwa imekufa ganzi kwa kukaa.