Maneno Yake, Muziki wa Mumewe

Asubuhi klabu yetu ya taarabu huwa kimya. Iko ghorofani, Mji Mkongwe, na upepo ukiingia dirishani hugusa nyuzi za ile ala ya kanuni iliyolazwa mezani, zikalia kidogo zenyewe. Mimi nilikaa pembeni na kompyuta, nikisikiliza kanda za zamani na kuzijaza katika jedwali moja refu: wimbo, mtunzi, mwimbaji, wapigaji. Sauti za watu nisiowahi kuwaona zilinizunguka kama maji ya uvuguvugu, nikazama humo mpaka adhana ya adhuhuri.

Lakini jedwali lile lilinichosha. Wimbo mmoja uliimbwa na wengi, na kila ulipoimbwa niliuandika upya pamoja na mtunzi wake. Nikisahihisha jina pahala pamoja, kwengine linabaki na kosa. Nikalivunja. Nyimbo nikazipa jedwali lake, watu lao, na maonesho lake. Kila wimbo na kila mtu akapewa nambari, majedwali yakawa yanaitana kwa nambari hizo. Jina likawa linaandikwa mara moja tu.

Katibu wetu, bibi aliyekuwa mwimbaji zamani, akaja kutazama. Alivaa miwani, akainama juu ya bega langu.

"Hapa kwa mtunzi, mbona umeweka nafasi ya mtu mmoja?"

"Kwani wimbo si huwa na mtunzi mmoja, Bi?"

Akakaa, akaunyooshea kidole wimbo mmoja. "Huu tunauita wa marehemu mpiga fidla wetu. Muziki ni wake kweli. Maneno ni ya mkewe. Sote tukijua, na hapana aliyesema."

"Kwa nini?"

"Babaake hakutaka jina la bintiye litajwe klabuni. Baba keshakufa, mume naye keshakufa. Sisi tumezoea tu."

Nikautoa utunzi kutoka jedwali la nyimbo, nikautengenezea jedwali dogo la katikati: wimbo gani, mtu gani, alifanya nini. Sasa wimbo ungeweza kuwa na watu wawili, kila mmoja na kazi yake. Nafasi ya yule mama ilikuwa tayari, lakini sikuthubutu kuijaza bila ya kumuuliza.

Tukenda kwake Uroa, mimi na katibu. Bahari ilikuwa imekupwa mbali sana, mchanga uking'aa mpaka macho yanataka kufumba. Tulimkuta uwani, kwenye jamvi.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni."

Nikamfungulia ule wimbo kwenye kompyuta. Akafunika mdomo kwa upindo wa kanga, ila kwa kitambaa kilivyochezacheza nilijua midomo yake ikimtangulia mwimbaji, neno kwa neno. Ulipokwisha nikamweleza tulichojia.

"Ukiniandika mimi," aliuliza, "yeye utamfuta?"

"Simfuti, Bi. Wimbo ni mmoja, nyinyi wawili. Kila mmoja ana mstari wake."

"Basi niandike. Maneno tu. Muziki sikuujua."

Nikaandika, akanitaka nimsomee. Nilipolisoma jina lake kwa sauti, katibu alimshika mkono.

Kisha, bila ya kuombwa, yule mama akaanza kuimba taratibu sana wimbo mwengine, ambao mumewe hakuwahi kuutilia muziki. Sauti yake ilikuwa nyembamba, ikipotea na kurudi kama mtu anayezungumza usingizini. Nikanakili maneno. Kompyuta ikakataa kuyahifadhi, maana mwenyewe nilikuwa nimeweka sharti kwamba kila wimbo lazima uwe na jina.

"Unaitwaje, Bi?"

"Hauna jina. Majina akitoa yeye."

Nikaliondoa sharti lile palepale jamvini. Wimbo ukaingia: jina hamna, maneno ya yule mama, muziki bado.

Wapigaji wetu waliupenda. Mpiga fidla wa sasa akautafutia muziki, na siku ya mazoezi yule mama akaletwa mjini na mwanawe. Alikaa kiti cha mbele, mikono mapajani, akafumba macho. Walipofika ubeti wa pili aliinua kidole.

"Polepole, baba," alimwambia mpiga fidla. "Maneno hayo hayakimbii."

Wakaanza upya.